Kasida ya Kuvuka

Kitaya, 28 Mei 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Assalaam alaykum. Naandika kwa sababu umenilazimisha. Tangu mwezi wa tatu nikikupigia unakata, kisha unaleta ujumbe wa maneno manne: spika imekufa, andika barua. Mtu anayeshonea kanzu nusu ya Mtwara ameshindwa kupata fundi wa spika hapo Magomeni? Haya. Nimenunua daftari na kalamu. Mwalimu Helena, jirani yetu anayefundisha darasa la tatu, huja mjini kila mwisho wa mwezi, amekubali kutuchukulia.

Huku hatujambo. Tumeanza kupulizia salfa kwenye mikorosho, na viboko wametoka mtoni wamelala juu ya mpunga wa shamba la chini kama waliokodi. Baba hajambo, anakula, anaswali.

Sasa sikiliza. Hauli ya babu, ile kumbukumbu yake ya kila mwaka, mwaka huu tumeipanga Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba, mchana baada ya Adhuhuri. Baba anataka uipokee wewe. Si kumsaidia, kuipokea. Ukae mbele kwenye busati, uanzishe dhikri, kisha uimbe Kasida ya Kuvuka yote, beti arobaini, kama babu alivyoitunga alipovuka Ruvuma na shehe wake kutoka upande wa pili. Ijaza, idhini ya kuongoza, Baba alikupa ukiwa na miaka ishirini na mbili, mbele ya watu. Tangu hapo umekuwa ukiimba pembeni yake kila mwaka, na watu wanatoka mpaka Mahurunga kuja kukusikia. Basi ni zamu yako.

Mwaka huu Idi hukuja. Kabla ya mfungo ulikwenda Dar kununua vitambaa, ukarudi, hukutuambia hata kama umefika. Baba anakuuliza kila Alhamisi tukikaa kwenye dhikri. Namjibu nini?

Nijibu kwa huyuhuyu mwalimu. Barua yako nitamsomea Baba, kwa hiyo andika maneno ya mtu mzima.

Dada yako,
Mwanaidi Shafii

*

Magomeni, Mtwara, 1 Juni 2023

Dada Mwanaidi,

Waalaykum salaam. Shikamoo wewe, na shikamoo kwa Baba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ni uleule wa kulalia kushoto.

Msinione nimewatupa. Kazi imenizidi. Kabla ya Idi nilikuwa na kanzu za watu hadi juu ya kitanda, na sasa kuna sare za shule. Cherehani moja imekatika mkanda. Wifi yako Asia naye hajisikii vizuri miguu. Na mimi mwenyewe nina mafua yasiyoisha, kifua kinabana.

Kuhusu hauli, nimesoma ulivyoandika. Umesema mwenyewe Baba hajambo, anakula na anaswali. Naona bado ana nguvu ya kuongoza mwaka huu na hata mwakani. Watu wanakuja kwa ajili yake, hawaji kwa ajili yangu. Mimi nikikaa mbele na yeye yuko hai, wapo watakaosema nimemwondoa. Sipendi maneno hayo.

Msomee Baba hapa: Baba, nakuombea afya, nawe uniombee. Mambo ya hauli usiyaharakishe, wewe ndiye khalifa wetu.

Mpe salamu mwalimu. Mwambie akifika tena asihangaike kuningoja, amwachie Asia barua, mimi mara nyingi natoka.

Mdogo wako,
Kassimu

*

Kitaya, 27 Julai 2023

Kassimu,

Mafua ya miezi minne. Sijawahi kuyasikia.

Mwezi wa sita sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na Mwalimu Helena akaenda mjini mikono mitupu. Alirudi na habari. Anasema dukani kwako kumejaa kanzu za kijani, mpya, zimetariziwa kifuani, zaidi ya ishirini, na Asia amemwambia ni za kikundi cha Madimba. Kikundi cha Madimba maana yake ni Saidi.

Saidi namheshimu, alisoma kwa Baba miaka sita, alikula ugali wa muhogo niliousonga mimi. Lakini tangu Ramadhani anazunguka akisema hauli ihamie kwake. Eti Madimba kuna umeme, barabara ni nzuri, kuna vipaza sauti, na vijana wake wanaimba wote kwa pamoja kama askari. Eti Kitaya ni mbali. Kitaya ilikuwa mbali lini? Watu walikuja kwa miguu wakati babu yupo.

Nataka kujua jambo moja, unijibu kwa neno moja. Kama umewafuata wale wanaosema dufu na kasida si dini, sema. Sitagombana nawe, nitajua tu mdogo wangu amekwenda kusali kwingine. Kama umemfuata Saidi, sema. Kama unaona aibu kukaa kwenye busati letu lenye matundu mbele ya rafiki zako wa mjini, sema. Lakini usiniletee habari za mkanda wa cherehani.

Alhamisi iliyopita Baba alikuuliza mara tatu. Nikamwambia uko njiani. Nimemdanganya mzee wangu kwenye zawiya yetu ya dhikri kwa ajili yako.

Mimi si wa kukaa mbele, hilo najua. Mimi ni wa kufua busati na kukoroga uji wa watu mia mbili. Ila nilikuwepo siku zote unafundishwa. Wewe ulikaa kwenye mkeka na Baba, mimi nilikuwa uani natwanga. Kila ubeti ulioushika wewe kwa wiki nzima, mimi niliushika siku ileile, na hakuna aliyeniuliza. Silalamiki, nataka tu ujue kwamba unachokiacha kama kiatu kilichobana, kuna mtu angekivaa.

Mwanaidi

*

Magomeni, 30 Julai 2023

Dada,

Mimi ni fundi. Saidi ni mteja. Akileta kitambaa nakata, akileta vipimo nashona. Sijamfuata mtu.

Mwaka huu sitaongoza hauli. Usiniulize sababu. Kama Madimba wanaweza kuibeba, labda ndiyo heri yake, waache waibebe. Babu hakuitunga kasida kwa ajili ya ukoo wetu peke yake.

Sehemu hii usimsomee Baba. Mwambie tu nimemsalimu.

Kassimu

*

Kitaya, 2 Septemba 2023

Ndugu Kassimu,

Ni mimi Mwalimu Helena, niliyekuja kwako juzi jioni. Hii barua dada yako haijui. Nimeifunga mwenyewe na kumpa konda wa gari la asubuhi.

Ulipofungua mlango ulidhani ni mteja. Ukanisalimia kabla hujanitambua, nami nikasikia. Haikuwa sauti ya mafua. Ilikuwa kama mtu anayevuta karatasi sakafuni. Na nikaona kovu shingoni, mkato mrefu umekaa kama mkufu. Mjomba wangu kule Songea alifanyiwa operesheni ya tezi, kwa hiyo nalijua kovu hilo. Wewe ukashika kola ya shati, ukachukua barua ya serikali ya kijiji ya shamba la chini niliyokuletea, ukarudi ndani. Sikukulaumu.

Mimi si Mwislamu, na mambo ya kasida yenu nayasikia tu dirishani. Lakini naishi ukuta kwa ukuta na Mwanaidi mwaka wa tano sasa, na kuna jambo analokuficha kama wewe unavyomficha. Baba yenu anasahau. Hasahau miwani, anasahau watu. Juzi alinikaribisha kama mgeni kutoka Newala, akaniuliza habari za safari. Alhamisi wakikaa kwenye dhikri anaanza vizuri, halafu anapotea katikati. Dada yako hukaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, mahali mgongo wa baba yenu unapoligusa, na kila anapokwama anamnong'oneza neno linalofuata. Wanaume hawajui, wanadhani mzee anavuta pumzi. Amefanya hivyo tangu mwaka jana. Hakukuandikia kwa sababu anasema heshima ya baba haiandikwi kwenye daftari.

Basi yeye anamficha baba kwako, wewe unaficha koo lako kwake, na mimi ndiye napanda gari nikiwa na bahasha za watu wawili wanaogombana kwa jambo ambalo hakuna kati yao anayelijua. Nimechoka kubeba. Mwandikie ukweli, la sivyo mwezi huu nitamwambia mwenyewe, na nitaomba radhi baadaye.

Wako,
Helena Komba

*

Magomeni, 5 Septemba 2023

Dada Mwanaidi,

Barua hii usimsomee Baba, hata salamu zake. Kaa peke yako.

Sina sauti. Kabla ya mfungo sikwenda Dar kununua vitambaa. Nilikwenda hospitali. Ile tezi ya shingoni uliyokuwa ukinitania kwamba nimemeza embe ilikuwa imeanza kuniziba pumzi nikilala. Daktari alinieleza vizuri kabla: mshipa wa sauti unapita nyuma ya tezi, kuna watu huguswa, na akiguswa mtu sauti inaweza kurudi au isirudi. Nikatia saini. Nilijua ninachotia saini. Nilipoamka nikamwita Asia, na Asia akainama akidhani nimekohoa.

Wamesema nisubiri mwaka. Imefika miezi sita. Nafanya mazoezi waliyonipa, nasema aaa, nasema iii, mbele ya kioo, na linalotoka ni upepo. Nikiwa na mteja naandika kwenye karatasi ya vipimo. Ndiyo sababu ya spika, ndiyo sababu ya barua. Ningewezaje kukupigia? Na ningewezaje kuandika wakati najua unazisoma mbele ya Baba? Yeye alinipa ijaza kwa sababu ya koo hili. Alisema mbele ya watu: huyu Mungu amemwekea mlango kooni. Uliyasikia mwenyewe. Mlango umefungwa, dada, na mimi niliyebaki nje yake simjui ni nani. Jioni vijana wa msikiti wa jirani wakianza kusoma maulidi, mimi huwasha cherehani hata kama sina nguo ya kushona.

Sasa lile baya zaidi. Mwezi wa nane mwanzoni Saidi alikuja kupima kanzu. Aliniuliza kama nitaongoza. Nikamwandikia hapana. Akaniuliza kama hauli ikifanyika Madimba nitapinga. Nikaandika hapana. Akaniomba daftari la kasida, lile alilonikabidhi Baba, la mkono wa babu, la herufi za Kiarabu. Nikampa. Nilimwona anasikitika kweli, akanishika bega, nikaona afadhali liwe kwa mtu mwenye vijana ishirini wenye makoo mazima kuliko kukaa sandukuni kwangu. Sikukuuliza. Sikumuuliza Baba. Nilidhani Baba ana nguvu, ataimba bila daftari kama kawaida yake, na mwakani tutaona.

Sasa nimejua kwamba hana. Usimgombeze mtu aliyeniambia.

Nimekosa. Sijui nifanye nini zaidi ya kuandika hivyo.

Kassimu

*

Kitaya, 28 Septemba 2023

Kassimu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakukasirikia mahali tofauti, ndiyo maana nimechelewa.

Koo kwanza. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Ningekuja. Ningepanda gari siku ileile nikakaa na Asia, nikakupikia uji, nisingehitaji useme kitu. Umeninyima hilo. Miezi sita nimekuita mwenye kiburi mbele ya majirani, na wewe ulikuwa unasema aaa mbele ya kioo. Unadhani nitazifuta vipi hizo siku?

Baba ni kweli. Sikutaka kuandika. Barua zako nilikuwa namsomea, lakini sikumsomea yaliyoandikwa. Ulipoandika kazi zimenizidi, mimi nilisoma anakukumbuka sana. Ulipoandika mwaka huu sitaongoza, nilisoma anafanya mazoezi. Akafurahi. Baada ya dakika kumi akauliza barua ya Kassimu imefika lini, nikaisoma tena, nikaongeza na mengine. Nimekuwa mtungaji kuliko babu.

Sasa daftari. Hapo sikusamehe bado, nisikudanganye. Si kwa sababu ya karatasi. Maneno Saidi anaweza kuyapata, ana macho. Mahadhi hayamo kwenye daftari. Ubeti wa kumi na mbili unashuka mahali ambapo macho yanakuambia upande, na ule wa thelathini una pumzi katikati ya neno, kwa sababu babu alikuwa anaimba huku anapiga kasia. Hayo yako kichwani kwa watu watatu: mmoja amesahau, mmoja hana sauti, na wa tatu ni mimi. Ulipojua hutaweza, ulimfikiria Saidi. Ulifikiria vijana ishirini usiowajua majina. Mimi hukunifikiria hata dakika moja. Si kwa ubaya, najua. Ni kwamba haikukujia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba haikukujia. Wanawake wa Lindi wanaongoza dhikri zao na wana bendera zao, tumewaona kwa macho yetu kwenye maulidi. Nyumbani kwetu mimi ni wa uji.

Nimekwenda Madimba. Saidi hakunificha kitu. Daftari amelifunga kwenye kitambaa cheupe, amenirudishia bila kuniuliza. Akasema: "Dada, mimi sikuiba, nilipewa."

Nikamwambia, "Najua, ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu na si kwa mwenyekiti."

Tumekubaliana hauli mwaka huu ibaki Kitaya, ila vijana wake waje na wao, na baada yake wazee watakaa kuamua.

Kwa hiyo njoo. Sihitaji uimbe. Kaa mbele karibu na Baba, akikwama mshike mkono asiogope. Mengine niachie mimi. Na usije na sura ya msibani.

Mwanaidi

*

Magomeni, 1 Novemba 2023

Dada,

Tumefika salama, Asia amelala, miguu imemvimba kwa safari. Uliniambia nikuandikie yale usiyoyaona kwa sababu ya pazia. Naandika kabla hayajanitoka.

Baba alipoanza dhikri alikuwa yuleyule. Mzee Rajabu aliyekaa upande wangu alikuwa analia tayari. Kasida aliishika vizuri mpaka ubeti wa kumi na saba, hapo babu anapofika katikati ya mto. Kisha akaacha. Nilikusikia unamnong'oneza neno, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakulipokea. Alinitazama mimi, akaangalia mikono yake, akaangalia tena watu, na nikaona kwamba hajui kwa nini watu wote wale wamekaa mbele yake. Nikamshika mkono kama ulivyosema. Ulikuwa wa baridi na jua lile.

Vijana wa Saidi wakadhani ni zamu yao, wakaanza kuitika kwa mahadhi yao ya haraka. Baba akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, alitikisa kama mtu anayesikia mlango wa nyumba nyingine. Ndipo ulipoimba.

Sikujua, dada. Nimekaa nawe nyumba moja miaka ishirini na sijui sauti yako ikoje ikifunguliwa yote. Mzee Rajabu alisimama ubeti wa kumi na tisa. Alisema si kwa kelele, "Mwanamke haongozi wanaume hapa," akavaa makubadhi akatoka, na wengine wanne wakamfuata, mmoja ni yule mkwe wake. Wengine waliinamisha vichwa, hawakuitika wala hawakutoka. Ulibaki unaimba peke yako beti mbili nzima, na dufu zote zimelala mapajani. Nilikuwa naona pazia linatikisika kidogo mahali ulipokaa.

Nikachukua dufu la Baba. Sauti ilinitoka, mikono haikunitoka. Nikakupigia. Ubeti uliofuata Saidi akaitika, peke yake, na nilimwona alivyojitahidi, maana hayajui yale mahadhi na alikuwa anakosea mbele ya vijana wake. Kisha vijana wakaitika kwa sababu yeye ameitika. Sisemi waliitika wote. Kwa hesabu yangu, nusu ya watu walimaliza kasida nawe, na nusu walingoja iishe.

Baba alikuwa anasogeza midomo. Hakutoa sauti, lakini maneno yalikuwa sawasawa, mpaka ubeti wa arobaini.

Jambo moja sikukuambia kwa sababu ulikuwa na masufuria. Jumapili niliamua kumweleza habari ya koo langu, nikamsogelea sikioni kabisa. Alinisikia. Akaniwekea kiganja shingoni, akaniombea, akaniambia pole mwanangu. Nikalia nikaona nimetua mzigo. Baada ya chai akaniuliza, "Kassimu, mbona hukuimba?" Nikamweleza tena. Nimemweleza mara nne kabla gari halijaja, na mara zote nne alinipa pole kama ndiyo kwanza anasikia, na mara zote nne aliumia upya. Ya tano nikamwambia nina mafua.

Sasa najua kwa nini ulikuwa unabadilisha barua zangu.

Kassimu

*

Kitaya, 30 Novemba 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Wazee wamekaa. Sikuitwa. Walikaa barazani kwetu, nikawapelekea chai na ming'oko ya kuchemsha, na kila nilipofika na sinia wakanyamaza mpaka nilipogeuka. Mwishowe Saidi na Mzee Rajabu wakaja uani.

Hauli imehamia Madimba kuanzia mwakani. Wamesema ni kwa ajili ya afya ya Baba. Mzee Rajabu akaongeza kwamba yale ya mwaka huu yalikuwa dharura na wameyasamehe. Nikamuuliza wamemsamehe nani. Akasafisha miwani. Halafu akasema kwa upole kabisa kwamba wanaomba niwafundishe vijana wa Saidi mahadhi ya Kasida ya Kuvuka, ili yasipotee. Nifundishie nyuma ya pazia, kisha siku yenyewe wataimba wao, na kwenye matangazo itasemwa ni mahadhi ya Baba, Shehe Shafii.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikaurudisha kwenye sufuria polepole, kwa sababu nilijiogopa.

Nikawaambia hivi. Nitafundisha, kwa sababu Baba akiondoka na mimi nikiondoka na wewe huna sauti, basi imekwisha, na hasira yangu haitamwimbia mtu. Lakini nitafundishia hapa, si Madimba, kila Alhamisi baada ya Alasiri, Baba akiwepo. Sitakaa nyuma ya pazia, nitakaa na ushungi wangu mlangoni pa zawiya, kila mtu anione mdomo, kwa sababu pumzi haifundishiki kwa mtu asiyeonekana. Na wasichana watakaotaka kuja, watakuja. Mzee Rajabu akasema hayo ya wasichana yanahitaji kikao kingine. Nikamwambia akae tu, mimi ninaanza wiki ijayo.

Saidi alicheka kidogo akiangalia chini. Mzee Rajabu hakucheka. Hatujapatana, nisikupake mafuta. Ameondoka bila kuaga.

Tumekwishafundishana Alhamisi mbili. Walikuja tisa kutoka Madimba, na wasichana watatu wa hapa, mmoja wao ni mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu Helena. Wale tisa wana haraka. Wanaimba kama wanakimbiza gari. Saidi mwenyewe nilimrudisha ubeti wa kumi na mbili mara saba. Ya sita alitoka nje, nikadhani amekwenda zake. Kumbe alikwenda kunawa uso, akarudi, akakaa palepale, akashuka mahali pa kushuka. Sikumsifu. Nikasema, "Wa kumi na tatu."

Mwisho wa mwezi ujao sitaki barua yako, nakutaka wewe na mikono yako. Hawa hawajui kupiga dufu kwa kasia, wanapiga kwa ngoma ya harusi. Utakaa upande wa kulia, utapiga, hutahitaji neno. Ukijisikia kulia ulie, lakini dufu lisisimame.

Hauli imeondoka, Kassimu. Nimeitandikia busati miaka thelathini. Mwakani nitapanda gari kwenda kumkumbuka babu yangu kwenye uwanja wa watu wengine, nitakaa na wanawake, nitawasikia wanaimba nilichowafundisha, na jina langu halitatajwa. Najua tayari nitakavyojisikia siku hiyo, na sina dawa yake.

Alhamisi hii walipoondoka Baba alibaki amekaa ukutani. Siku nzima hakuwa amenijua. Asubuhi aliniita kwa jina la shangazi yetu marehemu, mchana hakuniita kwa jina lolote. Nilipokuwa nakunja mkeka akanitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wageni, akasema:

"Mama, samahani. Nimekusikia ukiwafundisha. Wewe mahadhi haya umefundishwa na nani?"

Nilisimama na mkeka mkononi. Nilitaka kumwambia hakuna. Nilitaka kumwambia nilisimama uani na mchi miaka yangu yote ya usichana, na yeye hakugeuka hata siku moja. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikasema, "Wewe, Baba."

Akafikiri. Alifikiri sana, nikaona anatafuta huko ndani na hapati kitu.

"Sikumbuki," akasema. "Lakini nilifundisha vizuri."

Dada yako,
Mwanaidi